Moyo Uliokatazwa Kukimbia

Mgeni alibisha hodi siku ambayo hakuna mgeni aliyetarajiwa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mawingu yamejikusanya juu ya kilima. Katika nyumba ya mwisho ya mtaa ule wa mteremkoni, Mpima Moyo alikuwa amekaa chini sebuleni, kichwa katikati ya magoti ya mama yake, nusu ya nywele zimesukwa na nusu nyingine zimesimama wima kama zimeona jini.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, sukuma tu mlango," mama alijibu bila kuacha kusuka.

Aliingia mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, akihema kwa kile kilima alichokipanda. Mkononi alishika mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Si mama wala binti aliyewahi kumwona. Alisalimia, akapewa kiti, akakaa ukingoni kama mtu asiyekusudia kukaa, kisha akamtazama yule binti aliyesukwa nusu, kutoka utosini mpaka kwenye kidole gumba cha mguu.

"Wewe ndiye unayewapima watu mioyo pale kliniki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi ni mama yake Winga."

Kitana kikasimama katikati ya nywele. Mpima Moyo alisikia vidole vya mama yake vikikaza msuko mpaka ngozi ya kichwa ikavutika.

"Winga ndiye nani?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa tamu, utamu ule ambao binti yake aliuogopa kuliko kelele.

Sasa mtu angeanzia wapi kumweleza mama Winga ni nani?

Angeweza kuanzia siku ile timu nzima ilipoletwa kliniki kupimwa kabla ya msimu. Wachezaji walijaa kwenye benchi wakitaniana, na yeye akawa anawaita mmoja mmoja. Winga alilala kitandani, akavua fulana, na jeli ya baridi ilipomgusa kifuani akacheka kama mtoto anayetekenywa. Alicheka mpaka picha ya moyo wake ikatikisika kwenye kioo cha mashine. "Nyamaza basi, kaka, moyo wako unanikimbia," alimwambia. Winga akanyamaza, akageuza uso, akamtazama. Macho yake yalikuwa yametulia, ya mtu anayemsikiliza mwenzake hata pale ambapo hajasema neno.

Kisha Mpima Moyo aliona ukuta wa moyo. Ulikuwa mnene. Akapima tena, akapima upya, halafu akaenda kumwita daktari.

"Moyo ni msuli, kijana," daktari alimwambia Winga siku ile. "Ukiubebesha mzigo asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, unanenepa kama paja lako lilivyonenepa. Huo ni unene wa kazi, hauna neno. Lakini upo unene mwingine, wa maradhi, ambao mtu anaweza kuzaliwa na mbegu yake asijue. Huo ndio unaomwangusha mchezaji uwanjani, watu wakadhani amejikwaa. Wako umesimama katikati. Sijui ni upi."

"Daktari hujui?"

"Sijui. Tutaujua kwa kupumzika. Unene wa kazi hupungua kazi ikikoma, ule wa maradhi hubaki palepale. Miezi mitatu, kijana. Hakuna mazoezi, hakuna mpira, hakuna kukimbia. Kutembea ruksa. Halafu tutapima tena."

Kutembea ruksa. Mambo yote yaliingilia mlango huo. Siku chache baadaye Mpima Moyo alitoka kazini akamkuta Winga amesimama nje ya geti la kliniki, mikono mifukoni.

"Daktari ameniruhusu kutembea," alisema, "ila hakuniambia nitembee kuelekea wapi. Wewe unaelekea wapi?"

Tangu hapo ikawa kila jioni. Walipanda kilima pamoja, Winga akimbebea mfuko wa mboga, wakizungumza habari za kila kitu na za si chochote. Nyumbani Mpima Moyo alimwambia mama kwamba anapanda na wauguzi wenzake.

Na sasa mama yake Winga alikuwa sebuleni.

"Winga ni mgonjwa wangu, mama," alisema hatimaye. "Ni mchezaji. Wa mpira."

"Mgonjwa!" Mgeni aliruka. "Mwanangu si mgonjwa. Moyo wake haujajulikana tu."

"Na huyo asiyejulikana moyo," mama alisema polepole, "ndiye wale wauguzi wanaokusindikiza kila jioni?"

Mpima Moyo alijifanya anakung'uta nywele zilizoangukia begani.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Ndiye, mama."

"Mcheza mpira." Mama alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta nywele kwenye chai. "Leo yupo, kesho kauzwa mji mwingine kama mbuzi wa mnadani. Na moyo wenyewe wa kubahatisha. Na huo mfuko, mwenzangu, ndio umekuja nao kunichumbia binti?"

"Mwenzangu, ningekuja kuchumbia ningekuja na watu na nguo ya maana, si hii ya kufulia." Mgeni alifungua fundo, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye taulo kuukuu na kukiweka juu ya meza. Zilikuwa njumu. Jozi moja ya viatu vya mpira, nyeusi, kamba zake zimefungwa pamoja. "Nimekuja kumwomba binti yako anifichie hizi. Nyumbani kwangu hakuna pa kuficha. Ni chumba na sebule."

"Kwani anafanya mazoezi?" Mpima Moyo alishtuka hata akausahau msuko, akajitia maumivu kwa kugeuka.

"Ningekuwa najua ningekuja?" Sauti ya mgeni ilivunjika. "Mwanangu, kila jioni anarudi shati limelowa chapa, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Nikimwuliza, ananiambia ni joto. Joto gani hilo linalomchagua yeye peke yake mtaa mzima? Mtaalamu amemkataza, na Jumatatu ndiyo siku ya kupimwa. Mimi ni fundi cherehani, sijui mambo ya mashine, lakini najua ukimwambia mtu asiguse kitambaa naye akakigusa, kipimo kimeharibika. Nikaona huyu binti aliyempima, kama ana utu, atanisaidia."

Mpima Moyo alizichukua njumu. Udongo wa katikati ya meno yake ulikuwa mkavu, umepauka, na juu ya ngozi palikuwa na vumbi ambalo vidole vyake viliacha alama. Viatu hivi havikuvaliwa karibuni. Hata hivyo mtu anaweza kuazima vya mwenzake. Alijaribu kukumbuka jioni hata moja ambayo alimsindikiza Winga kwa macho mpaka chini, akakosa. Kila mara walipoagana getini, yeye aliingia ndani haraka, akitabasamu peke yake, akiogopa mama asije akauona uso wake.

Kwa hiyo alikuwa anadanganywa. Aliwaza hivyo. Mara akawaza kinyume chake. Vumbi lile lilikuwa vumbi la kweli.

"Hodi!"

Hodi hii ilikuwa ya sauti waliyoijua wawili kati ya watatu. Winga alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na tabasamu ambalo lilikuwa limekuja na habari. Tabasamu lilimwona mama yake, likapungua. Liliona njumu juu ya magoti ya Mpima Moyo, likazimika kabisa.

"Mama? Umefikaje huku?"

"Kwa miguu, mwanangu," alijibu mama yake. "Nimetembea. Mimi najua kutembea."

Winga alimgeukia mwenye nyumba, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema kwa ukavu. "Kaa, au rudi ulikotoka, au fanya unalojua. Nyumba yangu leo imekuwa kituo cha mabasi."

"Njoo nje," Mpima Moyo alimwambia, akainuka.

Walisimama kibarazani. Nyuma yao pazia la dirisha lilitikisika ingawa upepo ulikuwa haujaanza kuvuma.

"Unafanya mazoezi," alisema.

"Sifanyi."

"Unamdanganya mama yako, na mimi unanidanganya. Jumatatu ungekuja ulale pale kitandani, ucheke na jeli yako, nami nikupime moyo ambao haukupumzika hata siku moja!"

"Sijagusa mpira. Naapa. Neno la daktari nililishika. Kocha amenipigia, wenzangu wameniita mzee wa kutembea, sijagusa."

"Na jasho?"

Winga alitazama viatu vyake.

"Na jasho ni la nini?" Mpima Moyo alirudia.

"Nakimbia nikirudi."

"Unakimbia wapi?"

"Nyumbani. Nikishakuacha hapa." Alisugua shingo kwa kiganja. "Usiniangalie hivyo, hata mimi sielewi. Nakuaga vizuri, natembea vizuri, nikifika pale kwenye kona miguu inaanza yenyewe. Najikuta niko chini kituo cha mafuta. Siku nyingine napitiliza, nazunguka uwanja wa shule mara sijui ngapi, ndipo nakumbuka kwamba kwetu ni upande mwingine. Si mazoezi. Mazoezi nayajua, yanauma. Haya hayaumi."

Mpima Moyo alikuwa ameandaa hasira, tena alikuwa ameiandaa vizuri. Sasa aliitafuta asiione. Mahali pake palikuwa na kicheko kilichotaka kutoka kwa nguvu, na nyuma ya kicheko kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura ya ukuta mnene kwenye kioo cha mashine. Hakujua aanze na kipi.

"Kila jioni?"

"Kila jioni tuliyotembea."

"Lakini daktari alisema hakuna kukimbia!"

"Nilidhani anakusudia kukimbia kwa kazi. Kufukuza mpira. Kupiga mbio za kocha." Alimtazama kwa uso wa mwanafunzi aliyefeli somo ambalo alidhani analiweza. "Sikujua kwamba furaha nayo inahesabiwa."

"Moyo haujui tofauti!"

"Haujui?"

Aliuliza kwa dhati. Mpima Moyo alifungua mdomo amjibu kitaalamu, kwani ndiyo kazi aliyoisomea mpaka macho yakamwuma, naye akakuta hana jibu la hakika.

"Mashine haijui," alisema mwishowe. "Mashine inaona unene tu. Sikiliza. Jumatatu tukikuta umepungua, tutashukuru. Tukikuta uko vilevile, hatutajua lolote. Huenda ni maradhi. Huenda ni hizi mbio zako za kijinga. Jibu lako umelikanyaga kwa miguu yako mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunaanza upya."

"Miezi mitatu mingine?"

"Mitatu mingine."

Winga alikaa kwenye ngazi. Chini kule paa za mabati zilikuwa zimegeuka rangi ya risasi kwa sababu ya wingu.

"Leo nilikuja na habari," alisema. "Yule bwana wa klabu kubwa, msaka vipaji wao, yuko mjini. Aliniona msimu uliopita. Leo anaondoka, Kocha ndiye anayempeleka uwanja wa ndege, na watasimama chini pale kituo cha mafuta wanichukue niongee naye njiani. Anataka kitu kimoja tu, anitazame machoni na kuniuliza kama baada ya Jumatatu nitakuwa huru kwenda kwao. Nilikuja kukuambia kwanza wewe. Nilitaka uniombee."

"Na sasa utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli. Kwamba jibu limechelewa kwa makosa yangu. Uso kwa uso huenda akakubali kusubiri. Kwenye simu hawezi, watu wa mpira hawamsubiri mtu wa kwenye simu." Aliinua uso. "Unaona? Ningekuwa mwongo ningemwambia Jumatatu nitakuwa tayari."

Mpima Moyo aliketi ngazi moja juu yake, njumu bado mkononi.

"Nami nina langu," alisema. "Jumatatu hata kama watakupima, sitakupima mimi. Nitamwambia daktari kila kitu, na haya matembezi yetu pia."

"Atakufukuza kazi?"

"Sijui. Atanigombeza sana. Lakini kwa wiki kadhaa sasa naota unene wako umepungua. Naamka nimefurahi, naenda kazini nataka iwe kweli. Mpimaji akishataka jibu moja kuliko jingine, mkono wake hauaminiki tena."

Winga alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye msiba. "Kwa hiyo kukupenda kumeniharibia moyo, na kunipenda kumekuharibia mkono."

"Nani kasema nakupenda?"

"Aliyeota."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Haikujulikana ni mama yupi.

"Niahidi kitu kidogo," Mpima Moyo alisema. "Usikimbie. Kuanzia hapa tulipokaa, hata hatua moja, mpaka daktari aseme."

"Hata nikikutana na mbwa?"

"Simama umsalimie."

"Hata nyumba ikiungua?"

"Toka ukitembea."

"Haya. Naahidi."

Simu ya Winga iliita. Kocha alikuwa miongoni mwa wale watu wanaoongea na simu kama wanaongea na winga wa upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo kila neno lilisikika kibarazani.

"Uko wapi wewe? Tumewahi! Mvua inakuja, barabara ya uwanja wa ndege ikijaa maji huyu bwana atakosa ndege. Ndiyo tunafika kituo cha mafuta, tunasimama kidogo tu, hatuwezi kukaa. Si uko hapo kilimani? Kimbia, kijana! Kwa mbio zako ni kufumba na kufumbua!"

Simu ikakatika. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye ngazi, kubwa, likaacha doa.

Winga alisimama. Alimtazama Mpima Moyo, naye akajua anatazamwa kwa sababu gani. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wake: leo tu. Mteremko mmoja, moyo ambao ulishaukimbia kila jioni na haukumfanya kitu. Akakumbuka daktari aliposema watu hudhani mchezaji amejikwaa. Akakumbuka pia kwamba klabu kubwa iko mbali, na aliyeitwa huko huenda. Akanyamaza, na katika kunyamaza kwake hakujua anayenyamaza ni nani, mpimaji anayelinda moyo wa mtu au msichana asiyetaka kuachwa. Wangekuwa wawili tofauti angemfukuza mmoja. Walikuwa na mdomo mmoja.

Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Nenda," alisema. "Ukitaka kukimbia, kimbia. Nakurudishia ahadi yako."

"Sikuiazima," Winga alisema.

Akashuka ngazi, akafungua geti, akalifunga nyuma yake kwa komeo kama kila jioni, akaanza kutembea.

Mvua ilishuka yote kwa pamoja. Mtaa mzima ulikimbia. Mama mmoja alikimbia na beseni la nguo kichwani, wanafunzi walikimbia mabegi yamefunika vichwa, hata mzee wa duka la kona, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, alikimbia kuvuta meza yake ndani. Katikati ya mbio zote hizo shati jeupe lilishuka mteremko kwa kutembea. Alitembea upesi kadiri kiumbe anavyoweza kutembea bila kuvunja ahadi, viwiko vikichezacheza, kiuno kikienda huku na huku.

"Anatembea kama bata," alisema mama. Alikuwa ametoka kibarazani, na mgeni naye, wote watatu sasa wamejibana chini ya ukingo wa paa.

Chini kabisa, gari lilisimama kituo cha mafuta, taa zimewashwa. Mtu mfupi alitoka, akaanza kupunga mikono yote miwili kama anavyopunga pembeni mwa uwanja timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja. Honi ikapigwa. Winga aliinua mkono kuonyesha kwamba anakuja. Hakubadili mwendo.

"Kimbia!" Sauti ilitoka kwa nguvu, na aliyeitoa alikuwa mama yake Winga, yule yule aliyepanda kilima kizima na njumu ndani ya taulo. "Kimbia, mwanangu, watakuacha!" Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamtazama Mpima Moyo kwa macho ya mtu aliyejisikia mwenyewe akiropoka. "Nimesema nini mimi?"

"Hata mimi nilikuwa nataka kusema hivyo hivyo, mama," Mpima Moyo alimjibu. Mashavu yake yalikuwa yameloa, na chini ya paa pale mvua haikufika.

Honi ilipigwa tena, ndefu. Yule mtu mfupi alitazama juu ya kilima, akatazama ndani ya gari, akashika kichwa. Winga alikuwa amebakiza kipande ambacho angekimaliza kwa mbio za mtu anayewahi mpira wa pembeni kabla haujatoka nje. Mlango wa gari ukafungwa. Taa nyekundu zikaingia kwenye mvua, zikawa ndogo, zikapotea.

Shati jeupe halikusimama. Liliendelea kutembea mpaka pale gari lilipokuwa, ndipo likasimama.

Maji yalimwagika kutoka kwenye bati kama pazia la pili.

"Huyo ndiye mcheza mpira?" mama aliuliza baada ya kitambo.

"Ndiye."

"Ni mkaidi, au akili hazimtoshi?"

"Sijui, mama. Kweli sijui."

Mama aliingia ndani, akarudi na mwavuli mkubwa na kitambaa. "Na mimi sijui, wala sijasema nimekubali lolote. Ila mtoto wa mwenzangu hawezi kulowa vile nami natazama. Na jifunge kichwa. Umegombana na watu muda wote huo kama kuku aliyenyonyolewa upande mmoja." Halafu akamgeukia mgeni. "Njoo ndani, mwenzangu, unywe chai. Nawe, mwanangu, nipe hizo njumu. Nina sanduku lenye kufuli."

Mpima Moyo alifungua mwavuli, akatoka getini. Kila kitu ndani yake kilitaka kukimbia. Alisikia mapigo yake mpaka masikioni, ya haraka, ya hovyo, mapigo ambayo angeyaona kwa mgonjwa angemwita daktari. Akatembea. Njia ile haikuwahi kuwa ndefu hivyo.

Winga alikuwa amesimama pembeni mwa pampu za mafuta, maji yakimtiririka kidevuni.

"Wameondoka," alisema.

"Nimeona."

"Nilitembea mpaka hapa."

"Nimeona. Mtaa mzima umeona. Mama anasema unatembea kama bata."

Winga alifikiri kidogo. "Kocha hatanipigia tena leo. Labda na kesho."

"Ungeumia sana ningekuambia kimbia kwa sauti?"

"Ulishaniambia. Ulisema nikitaka." Alifuta maji usoni kwa kiganja kilicholowa, isisaidie kitu. "Nilitaka. Nilitaka mno, nikawaza ikiwa huu ni ugonjwa, basi nife nikiwa nimelala, usije ukakaa maisha yako yote ukisema ni mimi niliyemwambia."

Mpima Moyo alimshika kifundo cha mkono, akaweka vidole mahali pake, kama afanyavyo kila siku kwa watu asiowajua. Mapigo yalikuja taratibu, mazito, moja, kisha jingine baada ya nafasi ndefu. Ulikuwa mwendo wa moyo uliofanyishwa kazi miaka mingi, au wa moyo wenye siri. Alianza kuhesabu, akapotea. Akaanza tena, akapotea tena.

"Vipi?" Winga aliuliza.

"Sijui."

"Upande mmoja wa kichwa chako haujasukwa," Winga alisema kwa upole. Kitambaa kilikuwa kimeteleza. "Nilikuwa nataka kukuambia tangu kule kibarazani, nikaona si wakati wake."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka, na kilipotoka kilitoka na machozi, naye hakujua ni kipi kinachomsukuma mwenzake.

"Leo hunisindikizi," alisema alipopata pumzi. "Leo mimi ndiye ninayekupeleka kwenu. Kwenu hakuna kilima. Na ukifika utaingia ndani, utabadili nguo, utakaa."

"Na wewe utarudije?"

"Nitatembea."

Walijibana chini ya mwavuli mpaka ukingo wa barabara. Upande wa pili kulikuwa na kibanda chenye paa, na mvua ilikuwa imeongeza nguvu. Lori lilikuwa linakuja kutoka mbali, bado mbali kiasi kwamba mtu yeyote mwenye miguu angevuka kwa mbio mbili tatu akaokoka na maji yake.

Walisimama pale, bega kwa bega, wakalisubiri lori. Lilipita, likawamwagia dimbwi zima kuanzia magotini mpaka kifuani. Kisha wakavuka, polepole.